UZI: Merikebu iliyojengwa ili ichomwe kwenye filamu, ikaishi miaka 52, ikazama na nahodha wake

Mwana wa Chelezo (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna chombo kimoja kinanikaa moyoni tangu mwaka 2012, na leo nimeamua kukiandikia uzi wake. Nimekulia Pangani, jirani na mahali majahazi yanapopandishwa kutengenezwa, kwa hiyo nikisikia chombo cha mbao kimezama, popote duniani, sipiti hivi hivi. Huwa najiuliza: mataruma (mbavu za chombo) yalikuwa na hali gani? Nani aliyakagua mara ya mwisho, na alisema nini?

Chombo chenyewe ni Bounty. Sizungumzii ile ya karne ya 18 ambayo wengi mmeisikia, nazungumzia nakala yake, iliyojengwa Kanada mwaka 1960 kwa ajili ya filamu. Nitashusha kwa vipande, naandika kwa simu.

Tuanze na ile ya asili, haraka haraka. Desemba 1787 Uingereza ilituma merikebu ndogo chini ya Luteni William Bligh kwenda Tahiti kuchukua miche ya mshelisheli. Ndiyo, shelisheli hili hili tunalochemsha na kukaanga. Wenye mashamba ya miwa kule Karibiani walitaka chakula cha bei rahisi cha kuwalisha watumwa, wakasikia kuna mti Tahiti unaozaa bila kuhangaikiwa. Miche zaidi ya 1,000 ikapakiwa. Tarehe 28 Aprili 1789, njiani kurudi, baadhi ya mabaharia wakiongozwa na Fletcher Christian waliasi. Bligh na wenzake 18 wakashushwa kwenye mashua ya futi 23 na kuachwa katikati ya bahari. Mashua hiyo ilifika Timor, mwendo wa zaidi ya maili 3,600, na hiyo peke yake inastahili uzi wake siku nyingine. Waasi wakaitupa miche baharini. Wachache wao, pamoja na Watahiti waliokuwa nao, wakajificha kisiwa cha Pitcairn, na Januari 1790 wakaichoma merikebu moto ili asiwaone mtu.

Shikeni hilo la moto, litarudi.

---

Mwana wa Chelezo

Kipande cha pili: kujengwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya filamu ya MGM iliamua kutengeneza upya hadithi ya maasi hayo, Marlon Brando akiwa Fletcher Christian. Kawaida ya wakati ule ilikuwa kutafuta chombo kikuukuu, kukibandika mbao na kukipaka rangi kifanane na cha zamani. Safari hii walikwenda Lunenburg, mji mdogo wa wavuvi kule Nova Scotia, kwenye chelezo (karakana ya kujenga na kutengeneza vyombo) cha Smith & Rhuland. Hawa ndio waliojenga Bluenose mwaka 1921, ile skuna ya mbio ambayo Wakanada wameiweka hadi kwenye sarafu yao ya senti 10. Kwa hiyo MGM walikwenda kwa mafundi wa kweli, na mafundi wa kweli hawajui kujenga sanamu. Ukiwapa michoro watakujengea merikebu.

Michoro ilipatikana kwenye kumbukumbu za jeshi la majini la Uingereza. Tatizo ni kwamba Bounty ya asili ilikuwa ndogo, sitaha yake futi 90 na ushei, na kamera za filamu za wakati ule zilikuwa madude makubwa ya kuhitaji nafasi. Basi wakaikuza kwa karibu theluthi moja. Sitaha ikawa futi 120, na ukihesabu hadi ncha ya mlingoti wa mbele unaochomoza nje ilifika futi 180. Tumboni wakaificha injini ya dizeli, maana ratiba ya filamu haisubiri upepo. Mkuku (uti wa mgongo wa chini), mataruma, mbao za ubavuni, mishono ya kukalafatiwa (kuzibwa isivuje), vyote vilifanywa kama babu zao walivyofanya. Ilishushwa majini tarehe 27 Agosti 1960, ikapita mfereji wa Panama, ikaenda kupigiwa picha Tahiti.

Na hapa ndipo moto unarudi. Mpango ulikuwa kuichoma. Hadithi inaishia na merikebu kuungua, basi na hii ingeungua, kamera zikizunguka. Inasimuliwa kwamba Brando alikataa katakata na kutishia kuondoka kazini ikichomwa. Mwishowe waliunguza mfano mdogo, na merikebu yenyewe ikabaki nzima.

Kila nikifika hapa najiuliza wale mafundi wa Lunenburg walijisikiaje. Unachonga taruma kwa tezo siku nzima, unaliweka begani, unalijaribisha kwenye mkuku, halikai, unalishusha, unachonga tena. Halafu unaambiwa litachomwa kwa dakika tano za sinema.

---

Mkwezi wa Unguja

Mkuu umenigusa kwenye shelisheli. Sisi huku tunalipika na nazi, na watoto wanagombania za kukaanga. Sikujua kama kuna watu waliasi merikebu kwa ajili yake. Swali: hiyo miche ilifika Karibiani mwisho wa siku?

---

Mwana wa Chelezo

Ilifika. Bligh alirudi tena Tahiti na merikebu nyingine, Providence, safari ya 1791 hadi 1793, akapeleka miche St. Vincent na Jamaika. Watumwa waliokusudiwa kulishwa hawakuipenda mwanzoni, walikuwa na vyakula vyao walivyovizoea. Leo ukienda Jamaika utalikuta limechomwa juu ya makaa.

Nirekebishe jambo moja tu: hawakuasi kwa ajili ya shelisheli. Ukali wa Bligh, miezi mitano ya maisha ya Tahiti wakisubiri miche ikomae, na mambo mengine yaliyobishaniwa kwa zaidi ya miaka 200. Ila bila shelisheli hakuna safari.

---

Fundi Mstaafu

Nimekaa nasoma. Wajukuu ndio wananishikia hii simu. Hebu endelea kijana, nataka kujua ilikalafatiwa na nini.

---

Mwana wa Chelezo

Shikamoo mzee. Nashukuru umepita hapa, na naomba ukae maana nitakuhitaji mbele. Wao wanatumia nyuzi za katani zilizotiwa lami, zinagongwa ndani ya mshono kwa patasi na nyundo ya mbao, kisha juu inazibwa kwa dawa. Ni kazi ile ile yetu ya pamba na mafuta, mkono tu unatofautiana.

Kipande cha tatu: maisha baada ya filamu. Hiki ndicho watu wanakiruka, na mimi naona ndicho chenye jibu.

Filamu ilitoka mwaka 1962, ikateuliwa Oscar mara saba na haikupata hata moja, na ilikuwa imekula dola milioni 19, fedha za kutisha kwa wakati ule. MGM wakabaki na merikebu ya kweli ambayo hawana shughuli nayo. Ilizungushwa kwenye miji kutangaza filamu, kisha ikafungwa gatini St. Petersburg, Florida. Ikakaa pale karibu miaka 20. Watalii wananunua tiketi, wanapanda, wanapiga picha kwenye usukani, wanashuka.

Mzee Fundi atanisaidia: maji ya vuguvugu, mvua, jua kali, chombo hakitembei. Mvua ni maji matamu, na maji matamu ndiyo yanayoozesha mbao. Chumvi inahifadhi. Chombo kinachosafiri kinarushiwa maji ya chumvi na kuoshwa kila siku, kinapigwa upepo. Kilichofungwa gatini kinakusanya mvua kwenye pembe za sitaha, yanateremka taratibu ndani ya mataruma, na hakuna anayeona kitu kwa sababu nje rangi inang'aa.

Mwaka 1986 tajiri Ted Turner aliponunua hazina ya filamu za MGM, alikuta merikebu nayo imo kwenye mali. Hakuwa ameifuata, alifuata filamu. Akaitumia kwenye filamu nyingine au mbili, na mwaka 1993 akaitoa zawadi kwa mji wa Fall River, Massachusetts, ikawa chini ya taasisi ya kufundishia vijana ubaharia. Nia ilikuwa njema. Fedha hazikuwepo. Mwaka 2001 ikauzwa kwa mfanyabiashara mmoja. Tangu 1995 nahodha alikuwa Robin Walbridge, na huyu akadumu nayo miaka 17.

Chini ya umiliki mpya ilipelekwa mara kadhaa Boothbay Harbor, jimbo la Maine, ambako mafundi walibadilisha sehemu kubwa ya mbao za chini ya maji, na miaka michache baadaye za juu. Ikarudi kwenye sinema pia: wale mnaopenda filamu za maharamia za Johnny Depp, ile ya mwaka 2006 mmeiona Bounty bila kujua, imevishwa jina lingine. Mwaka 2007 ikavuka Atlantiki hadi Uingereza.

Kwenye makaratasi sasa. Walinzi wa Pwani wa Marekani waliitambua kama kivutio cha watalii kinapokuwa gatini. Baharini haikuruhusiwa kubeba abiria wa kulipa, na kwa kuwa haikuruhusiwa, haikubanwa na ukaguzi mkali unaozibana meli za abiria. Gatini ni jumba la maonyesho, baharini ni chombo binafsi. Miaka yote hiyo ilikuwa inapita katikati ya sheria mbili.

---

Baharia wa Kilindini

Hapo kwa makaratasi umegonga ndipo, ndugu yangu. Mimi nafanya kazi kwa meli za mizigo. Kila tukiingia bandarini kuna mkaguzi anaweza kuja, afungue kila kitu, mpaka tochi za maboya ajaribu. Tunachoka nao lakini ndio wanatufanya turudi nyumbani. Chombo ambacho hakuna mtu wa nje anakikagua ni hatari hata kiwe kipya.

---

Fundi Mstaafu

Kijana kasema kweli kuhusu mvua. Nitaeleza kidogo.

Niliwahi kuitwa kwenda kutia deheni (mafuta ya kuzuia maji) jahazi moja, mwenyewe simtaji. Aliniambia kazi ni ndogo, ni kukalafati mishono miwili na kupaka. Nikaingia ndani, nikapapasa taruma la tatu kutoka tezi. Kwa macho ni zima. Nikachomeka ncha ya kisu. Kisu kikaingia mpaka kwenye mpini, kama unachoma muhogo uliolala wiki majini, na kilipotoka kikaja na unga wa kahawia, unyevu, unanuka kama uyoga. Nikamwita mwenyewe nikamwonyesha. Akasema paka tu fundi, msimu ukiisha tutabadilisha.

Nikakusanya vifaa vyangu nikaondoka. Alimpata fundi mwingine.

Msumari haushiki kwenye unga. Ubao wa nje unaweza kuwa mpya kabisa, wa mninga, lakini kama taruma nyuma yake limeoza, wimbi likipiga ubao unacheza, ubao ukicheza kalafati inatoka. Hapo utakumba maji mpaka mikono ife ganzi.

---

Mwana wa Chelezo

Mzee, hukujua kwamba umetangulia kusimulia kipande changu cha nne.

Septemba 2012 Bounty ilipandishwa tena chelezoni Boothbay. Walipong'oa baadhi ya mbao za ubavuni, mafundi walikuta mataruma yameoza. Msimamizi wa kazi ile alisema baadaye kwenye ushahidi kwamba alimwonyesha nahodha, akamweleza wasiwasi wake kwamba uozo huenda umeenea zaidi ya pale palipofunguliwa. Vipande vichache vikabadilishwa. Palipobaki pakapakwa rangi, na makubaliano yakawa kushughulikia mwaka unaofuata. Kwenye ushahidi huo huo ilitajwa pia kwamba baadhi ya mishono ilizibwa kwa dawa za kawaida zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

Ikashushwa majini katikati ya Oktoba. Mnajua chombo cha mbao kikikaa nchi kavu mbao zinakauka na kunywea, na kikirudi majini kinavuja mpaka mbao zinywe na kuvimba. Kinahitaji siku za kutulia. Haikupita hata wiki mbili.

Tarehe 25 Oktoba 2012 ilikuwa New London, Connecticut. Mchana ule waliwatembeza wanamaji wa nyambizi moja ya jeshi la Marekani, siku nzuri, kila mtu anafurahi. Wakati huo kimbunga Sandy kimeshapita Jamaika na Kuba na kinapanda kaskazini. Kila kituo cha hali ya hewa kilikuwa kinakitangaza. Jioni nahodha Walbridge aliwakusanya mabaharia wake sitahani, akawaambia kimbunga kinakuja, mpango wake ni kutoka bandarini na kukizunguka kwenda Florida, na asiyetaka anaweza kushuka bila lawama yoyote. Hakushuka hata mmoja. Walikuwa 16 pamoja naye, wanaume 11 na wanawake watano, na wengi wao hawakuwa na uzoefu mkubwa wa chombo cha aina ile.

Mmoja wao aliitwa Claudene Christian, miaka 42, amejiunga miezi michache tu kabla. Alisema yeye ni wa ukoo wa Fletcher Christian, yule yule kiongozi wa waasi. Vyombo vya habari viliripoti kwamba safarini alimtumia mama yake ujumbe, akimwambia kwamba lolote likitokea ajue yeye ana furaha ya kweli.

---

Binti Mrima

Mtoa mada naomba uendelee usitukatie hapo. Nimeacha wali jikoni.

---

Mwana wa Chelezo

Dada zima jiko kwanza.

Walielekea kusini-mashariki, mbali na nchi kavu. Kisha Jumamosi tarehe 27 nahodha akageuza kuelekea kusini-magharibi, akiamini atapita kati ya kimbunga na pwani. Sandy haikuwa ya kupita pembeni. Upana wa upepo wake ulifika karibu maili 1,000. Kugeuka kule kuliikatisha merikebu mbele ya njia ya kimbunga.

Jumapili bahari ikachafuka kabisa. Mishono ikaanza kufunguka. Maji yakaingia kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa tumboni, pampu zikawashwa, pampu zikaanza kuziba, maana ndani kulikuwa na takataka na vipande vya mbao vya kazi ya chelezoni vinavyoelea. Bomba la kioo la kuonyesha kiwango cha mafuta kwenye tangi likavunjika, mafuta yakamwagika, injini moja ikazimika. Jenereta ikawa inakata na kurudi, na ikikata pampu za umeme zinakata nayo. Tanga la mbele likachanika. Nahodha mwenyewe alirushwa na wimbi, akaumia mgongo vibaya, akawa anatembea kwa kujishikilia kwenye vitu. Wengine walivunjika mifupa. Mnaojua ngama mtaelewa: maji yakipita pale, yanafika kwenye mashine, mashine zikifa hakuna wa kuyatoa, na yakiongezeka chombo kinakuwa kizito, hakiinuki tena na wimbi. Kila kitu kinavuta kingine.

Usiku habari zikawafikia Walinzi wa Pwani. Ndege yao kubwa ikawapata gizani, ikawa inazunguka juu kuongea nao kwa redio. Walipanga kusubiri hadi alfajiri ndipo washuke kwenye maboya makubwa ya kuokolea, yale ya kujazwa upepo ambayo watu wanaingia ndani. Walivaa zile suti nene nyekundu za mpira zinazofunika mwili mzima, wakakaa sitahani wameshikana.

Saa kumi na nusu usiku, tarehe 29 Oktoba, merikebu ikalala ghafla ubavu wa kulia. Wakamwagika baharini.

Hapa ndipo pabaya kuliko pote. Merikebu ya matanga ikilala haikuachii. Milingoti, foromali (miti ya kushikia tanga) na kamba zote ziko majini, na kila wimbi likiinua chombo zinanyanyuka, likishuka zinakuja juu ya vichwa vya watu kama mchi kwenye kinu. Kamba zinanasa miguu. Waliookoka walisimulia jinsi walivyopigwa, wakavutwa chini, wakajinasua, wakanaswa tena. Ofisa wa kwanza alielea peke yake gizani mpaka helikopta ikampata wa kwanza. Wengine 13 walifanikiwa kuingia kwenye maboya mawili, na helikopta kutoka Elizabeth City, North Carolina, zikawanyanyua mmoja mmoja kulipokucha, mawimbi yakiwa na urefu wa mita 9.

Watu 14 wakaokolewa. Claudene Christian alipatikana baadaye siku hiyo akielea, amepoteza fahamu, hakuzinduka. Robin Walbridge, miaka 63, hakuonekana tena.

Kuna picha iliyopigwa na Walinzi wa Pwani asubuhi ile. Sitaha imeshamezwa. Kinachoonekana ni milingoti mitatu imeinama, kamba zake bado zimenyooka vizuri kama zilivyofungwa, na povu jeupe pale ambapo ubavu ulipaswa kuwepo. Kilikuwa kama maili 100 kutoka Cape Hatteras, sehemu ambayo mabaharia wa Marekani wanaiita Kaburi la Atlantiki.

---

Binti Mrima

Nimesoma huku nalia. Yule mama aliyepokea ujumbe.

---

Jicho la Mkaa

Mtoa mada, samahani, mimi nitauliza tofauti. Nahodha anajua chombo kimeoza, anajua kimbunga kinakuja, anabeba vijana anaondoka. Hapo kuna cha kujadili kweli? Na kwa nini tunaisikitikia merikebu ya sinema wakati amekufa mtu?

---

Mwana wa Chelezo

Swali la haki kabisa.

Kuhusu nahodha, Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ilitoa ripoti Februari 2014 na haikumung'unya maneno: chanzo ni uamuzi wake wa kutojali hatari, kuipeleka merikebu kuukuu kwenye njia ya kimbunga kilichotabiriwa vizuri. Wakaongeza kwamba wamiliki hawakuwa na usimamizi wa maana wa usalama. Kwenye vikao vya ushahidi mwaka 2013 mmiliki alitumia haki yake ya kikatiba akakataa kujibu maswali. Mimi naikubali ripoti.

Lakini nikimtazama Walbridge namwona mtu niliyewahi kumwona pwani. Miaka 17 na chombo kimoja. Ameshakitoa kwenye dhoruba nyingine, na kila kilipotoka kilimwongezea imani. Aliwafundisha vijana wengi kupanda milingoti, na hata waliookoka wengi wao walimzungumzia kwa heshima. Mtu wa namna hiyo akiambiwa taruma limeoza anasikia kama anaambiwa mama yake mgonjwa: anakubali, halafu anatafuta sababu ya kuamini kwamba si sana. Simtetei. Amri ya kuondoka ilikuwa yake, na bila amri hiyo Claudene Christian angekuwa hai.

Na merikebu naisikitikia, sitaficha. Naisikitikia kwa sababu tangu siku iliponusurika moto haikupata mwenyewe. Kampuni ya filamu ilikuwa nayo kwa kuwa ilibaki. Tajiri alikuwa nayo kwa kuwa ilikuja na mzigo mwingine. Mji uliipokea kwa kuwa ni zawadi. Kila mmoja alitengeneza kile kinachoonekana na kumwachia anayekuja kile kisichoonekana. Yale mataruma hayakuoza Septemba 2012, yalikuwa yanaoza tangu watalii wanapiga picha Florida.

---

Baharia wa Kilindini

Nataka niongeze juu ya ule msemo wa kwamba meli iko salama zaidi baharini kuliko bandarini, maana huyo nahodha na watu wake waliutumia. Si uongo. Manowari za Norfolk, kituo cha jeshi la majini la Marekani, zilitoka bandarini kabla ya Sandy, zikaenda baharini. Meli kubwa ikifungwa gatini kwenye kimbunga inajigonga mpaka inavunja gati na yenyewe. Lakini manowari zina injini za nguvu na mwendo wa kutosha kukimbia mbali. Merikebu ya mbao inayoenda kama baiskeli, imetoka chelezoni juzi, itakimbilia wapi? Ule msemo una masharti yake, na masharti ndiyo yalisahaulika.

Kwa New London wangeweza kupanda mto, wakafunga kamba mbili mbili, wakawashusha watu wote. Pengine ingevunjika. Ingevunjika tupu.

---

Fundi Mstaafu

Ingevunjika tupu. Baharia umesema.

Kijana, hao waliojenga Lunenburg, walijenga nyingine?

---

Mwana wa Chelezo

Walijenga, mzee. Mwaka 1963 Bluenose II. Na mwaka 1970 chelezo hicho hicho kilijenga nakala ya manowari ya karne ya 18 iitwayo Rose. Hii nayo iliishia kwenye sinema, ila kwa njia ya kinyume: ilizaliwa merikebu, ikafanya kazi ya kufundisha vijana kwa miaka, na mwaka 2001 kampuni ya filamu ya Fox ikainunua. Wakaibadilisha, wakaiita Surprise, ikaonekana kwenye filamu ya Russell Crowe mwaka 2003. Filamu ilipokwisha ikaenda kwenye jumba la makumbusho ya bahari la San Diego, California, na jumba hilo likaja kuinunua kabisa. Ipo mpaka leo, inaelea.

Tofauti ninayoiona ni kwamba makumbusho ya bahari kazi yao ni mbao. Wana karakana, wana mafundi, wana watu wa kujitolea wanaokuja kugonga kalafati kwa mapenzi, na hawakimbizwi na ratiba ya maonyesho ya mji mwingine.

---

Dada wa Ughaibuni

Habari zenu wote. Mimi nimekuwa msomaji tu siku zote, sijawahi kuchangia. Naishi California, mwendo wa saa mbili kutoka San Diego. Nimepita pale ukingoni mwa maji nikaiona hiyo Surprise kwa mbali, nikadhani ni pambo la mgahawa. Baba yangu alikuwa na mashua Kilwa. Mwezi ujao nina siku ya mapumziko, nitaenda nipande. Mtoa mada na mzee Fundi, niangalie nini nikifika?

---

Fundi Mstaafu

Mwanangu, usiangalie rangi. Shuka chini kadiri watakavyokuruhusu. Nusa. Mbao nzima ina harufu ya lami na chumvi, mbao inayooza utaijua, inanuka kama chumba kilichofungwa masika yote. Tazama pale taruma linapokutana na mkuku, kama kuna weusi. Weka kiganja.

---

Mwana wa Chelezo

Na dada, ukiwa chini huko, nyamaza kidogo usikilize pampu ya ngama. Hesabu inawaka mara ngapi kwa saa, halafu muulize mlinzi kama ndiyo kawaida yake. Uje utuandikie hapa, mimi na mzee tutakusubiri.